Kwanza Maji: Mhadhara Juu ya Mji wa Bukavu na Mlima Wake



Nitaanza Funu. Wote mnaifahamu ile sehemu ya Kadutu ambako mlango uliofungika vizuri mwaka jana leo unakwama, na ufa uliozibwa kabla ya mvua hufunguka tena mvua zikiisha. Wenyeji wanajua siku nyingi kwamba ardhi ile inatembea. Mwaka 2022 jarida la sayansi la Nature Geoscience lilichapisha utafiti wa Antoine Dille na wenzake, wakiwemo watafiti wa hapa kwetu, waliolinganisha picha zilizopigwa na ndege za enzi ya ukoloni na vipimo vya rada za setilaiti, kwa kipindi cha karibu miaka 70. Poromoko la Funu, lenye eneo la kama kilometa moja na nusu za mraba, ni la kale kuliko mji wenyewe. Lakini mwendo wake haukubaki ule wa kale. Umebadilika kadiri nyumba zilivyoongezeka juu yake, na pale palipojengwa kwa msongamano ndipo ardhi ilipozidisha kasi. Watafiti hao wanataja maji kama sababu nzito: mabomba yanayovuja, maji machafu yasiyo na pa kwenda, mvua inayokusanywa na mabati na barabara kisha kuachwa izame mahali pamoja.

Hoja yangu ya leo imo humo. Mlima wetu unasukumwa na maji tunayoyaleta wenyewe na kuyaacha bila njia. Kwa hiyo kazi ya kuupanga mji huu ianze na maji. Itangulie barabara pana, itangulie ramani za rangi zinazobandikwa ofisini, na hasa itangulie bomoabomoa.

Najua wengi mmezoea kusikia maelezo mengine. Nyumba zikishuka na udongo, redioni tunaambiwa sababu ni ujenzi wa fujo. Watu wamejenga ovyo, watu wabomolewe. Maneno hayo yananiuma, kwa sababu yanamweka aliyefiwa kwenye kizimba cha mshtakiwa kabla hajazika. Tena hayasemi kweli yote. Tuangalie tulivyofika hapa.

Wabelgiji waliuita mji huu Costermansville, kwa jina la Paul Costermans, hadi mwaka 1954 uliporudishiwa jina la Bukavu. Mji wao waliuweka kwenye rasi zinazoingia ziwani na kwenye mgongo ulio juu yake, upande wa Ibanda: La Botte, Muhumba, Nguba. Huko kuna barabara zenye mitaro ya mawe ambayo mingine inafanya kazi hadi leo. Mwafrika aliyewafanyia kazi alipangiwa mlima wa Kadutu, na baadaye Bagira, ambako katika miaka ya 1950 zilijengwa nyumba za mistari kwa ajili ya wafanyakazi. Ramani hiyo haikuwa fujo hata kidogo. Ilichorwa kwa makusudi, na iligawa mteremko kwa rangi ya ngozi. Walipoondoka mwaka 1960 waliacha komini tatu, Ibanda, Kadutu na Bagira, na mitaro ya maana ikiwa zaidi katika moja.

Sensa ya mwisho ya nchi yetu ni ya mwaka 1984. Wakati huo Bukavu ilihesabiwa kuwa na watu kama 171,000. Leo makadirio mengi yanapita milioni moja. Mahali pengine duniani miji hukua kwa sababu viwanda vinaita watu. Hapa watu walifukuzwa walikotoka. Mwaka 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi wa Rwanda walivuka mto Ruzizi kuja upande wetu. Oktoba 1996 vita viliingia mjini, na mwaka 1998 vikaanza vingine. Baada ya hapo vijiji vya Shabunda, Walungu, Mwenga na Kalehe vikakaa miaka na miaka bila usalama. Mtu wa Bunyakiri au wa Kaniola hakuja mjini kufuata taa za umeme. Alikuja kutafuta mahali pa kulala bila kusikiliza hatua za watu nje. Mtu wa namna hiyo ukimwonyesha kipande cha mteremko, atakuuliza bei tu. Hatauliza pembe ya mteremko.

Na kipande hicho aliuziwa na nani? Hapa nawaomba mnisikilize vizuri, maana ndipo neno fujo linapovunjika. Sheria ya upangaji wa miji tunayoitumia ni dekreti ya tarehe 20 Juni 1957, iliyotungwa kwa ajili ya koloni. Sheria ya ardhi ya Julai 1973 inasema ardhi yote ni mali ya Serikali. Kwa ardhi zinazokaliwa kwa desturi, sheria hiyohiyo, katika kifungu cha 389, iliahidi amri ya Rais itakayozipangia utaratibu. Amri hiyo haijatoka hadi leo. Kwa hiyo pembeni mwa mji, tunapopakana na Kabare, mtu hutoa kalinzi, yaani malipo ya desturi ya kupewa ardhi, kwa mwenye enzi wa desturi kama babu zake walivyofanya. Kisha huenda komini kutafuta karatasi, kisha huenda kwa wapimaji kutafuta nyingine. Mtu mwingine naye huja na karatasi zake kutoka mlango mwingine, juu ya parseli ileile. Kila utawala uliopita mjini umeacha mihuri yake. Nyumba nyingi tunazoziita za fujo zina makaratasi ndani ya sanduku, yamelipiwa, yana sahihi. Kama ni fujo, ilipigwa mihuri ofisini.

Sisemi hivi ili kila kilichojengwa kibaki. Nitarudi kwenye jambo hilo. Nataka kwanza tukubaliane kwamba hatuzungumzii watu wajinga waliojitakia balaa.

Sasa twende kwenye maji yenyewe, na tuyahesabu, kwa sababu hesabu yake ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Mvua ya milimita moja ikinyesha juu ya meta moja ya mraba, hiyo ni lita moja. Chukua nyumba ndogo ya Cimpunda au Nyamugo yenye mabati ya meta 40 za mraba. Mvua kubwa ya alasiri moja, tuseme ya milimita 50, inaangusha lita 2,000 juu ya bati hilo. Ni bidoni 100 za lita 20. Zinashuka kwa saa moja au mbili, zote ukingoni mwa ukuta, kwenye udongo mwekundu wa mfinyanzi uliotokana na mawe ya volkano yaliyooza. Zidisha kwa nyumba 500 za kartie moja: bidoni 50,000. Hakuna mtaro. Kuna kijia cha upana wa mabega mawili, ndicho kinachogeuka mto.

Na asubuhi yake binti wa nyumba hiyohiyo anabeba bidoni ya njano kutafuta maji, kwa sababu bomba limekauka. Mji wetu hupata mvua inayopita milimita 1,300 kwa mwaka, unakaa kando ya ziwa lenye kina cha karibu meta 500, na mama zetu wanapandisha maji mgongoni. Sioni aibu kubwa kuliko hiyo katika mji huu.

Kabla ya nyumba kulikuwa na migomba, maharage, nyasi. Sehemu ya maji ilibaki kwenye majani, sehemu ikanyonywa na mizizi, nyingine ikashuka polepole. Tulipoweka bati na njia ya udongo ulioshindiliwa na miguu, tulibadilisha mwendo wa maji yote. Mwaka 2025 jarida la Nature lilichapisha kazi ya watafiti waliohesabu makorongo ya mmomonyoko katika miji 26 ya Kongo. Walikuta 2,922, na wakakadiria kwamba watu kama 118,600 walipoteza makazi kwa sababu yake kati ya mwaka 2004 na 2023. Karibu makorongo yote hayo yameungana na barabara. Tusiipite haraka habari hiyo. Barabara iliyofunguliwa bila mtaro ndiyo inayokusanya maji ya mtaa mzima na kuyamwaga sehemu moja, kisha sehemu hiyo inafumuka. Tunapompigia makofi mkubwa anayekuja na tingatinga kufungua barabara, tumuulize maji ya barabara hiyo yatakwenda wapi.

Lakini kuna tofauti ambayo mafundi wa nia njema huisahau, nami nitaikalia kidogo. Mteremko wa kawaida, usiotembea, unasaidiwa na shimo la kunyonya maji, na mtaro wa nyasi unaofuata usawa wa mlima, na miti. Hapo tunataka maji yazame taratibu badala ya kukimbia juu. Funu ni kinyume chake. Poromoko lenye kina kirefu hulainishwa na maji yanayoingia ndani. Yakifika kwenye tabaka lililokwisha kukatika, yanaunyanyua udongo wa juu na kuuachia uteleze. Huko shimo la kunyonya ni sumu, na choo cha shimo kinachojaa maji ni sumu pia. Huko maji yote, ya bati, ya jikoni na ya bomba lililopasuka, yabebwe juu ya ardhi ndani ya mfereji usiovuja hadi nje ya poromoko. Mji mmoja, dawa mbili zinazopingana. Ndiyo maana mpango wa Bukavu hauwezi kunakiliwa kutoka Kinshasa wala Kigali. Lazima ujue kila kilima kinakaa juu ya nini. Na elimu hiyo ipo hapa: ipo Université Officielle de Bukavu, ipo kituo cha utafiti cha Lwiro. Haijavuka tu barabara kufika kwenye meza inayogawa parseli.

Wenyeji wa Funu nao wana elimu yao. Msidhani nyumba ya mbao ni umaskini peke yake. Ukuta wa matofali ardhi ikisogea hupasuka, na ukipasuka umekwisha. Nyumba ya mbao hujipinda. Fundi anaweza kuifungua, kunyoosha nguzo na kuipigilia upya wiki hiyohiyo. Ilipotokea tetemeko la Jumapili ya tarehe 3 Februari 2008, lenye ukubwa wa 5.9, watu wengi waliona wenyewe tofauti kati ya kuangukiwa na ubao na kuangukiwa na ukuta. Ila ubao huohuo ndio chakula cha moto. Nyaya za umeme zimefungwa ovyo, jiko la makala, yaani mkaa, liko karibu na ukuta, na gari la zimamoto haliwezi kupita kijia kile. Mara ngapi tumeamka na kukuta mtaa mzima wa Kadutu ni majivu? Kwa hiyo yule anayetaka kupiga marufuku mbao aseme kwanza watu wa ardhi inayotembea wajenge kwa kitu gani. Mimi ningeanza na nafasi: kila baada ya nyumba kadhaa pawepo njia ya meta tatu yenye mtaro ubavuni. Njia hiyo hiyo inazuia moto usiruke, inapeleka maji, inapitisha machela ya mgonjwa. Ukichimba mtaro vizuri umekwisha kupata nusu ya barabara.

Tufuate maji hadi mwisho wake. Mtaro wa Kadutu, pale ulipo, umejaa chupa na mifuko ya plastiki. Mvua inaisukuma hadi mto Kawa, Kawa inaipeleka ziwani, na mkondo wa ziwa unaivuta taratibu mpaka Ruzizi inapotokea. Pale ndipo lilipo bwawa la Ruzizi ya Kwanza, lililojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, linalotupa umeme. Takataka zinakwenda kuziba mitambo yake, na wafanyakazi wa SNEL, shirika la umeme, wanazivua kama samaki ili turubini ziweze kuzunguka. Mtambo ukisimama, umeme unakatika. Umeme ukikatika tunanunua makala. Makala yanatoka kwenye miti ya vilima vya Kabare na Kalehe, mengine ndani ya hifadhi ya Kahuzi-Biega. Na vilima vilivyovuliwa miti tunajua vinavyofanya: tarehe 4 Mei 2023, Bushushu na Nyamukubi huko Kalehe, mito ilishuka na mawe na magogo, na watu zaidi ya 400 walikufa. Siwezi kusema chupa moja iliyotupwa Nyamugo ndiyo iliyoua watu wa Kalehe. Nasema kamba ni moja, na sisi tumeishika upande huu.

Watu huniuliza: je, yupo aliyewahi kufanya unayoyasema? Wapo. Katika mji wa Dar es Salaam kuna mtaa uitwao Hanna Nassif, Kinondoni, uliojengwa bondeni bila mpango na kufurika kila masika. Kuanzia mwaka 1994, kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani na wengine, wakazi wenyewe walichimba na kujenga mitaro na vijia. Walilipwa ujira, wakiwa chini ya mkataba wa jumuiya yao. Hawakuhamishwa. Maji yalipewa njia kwanza, na mengine yakafuata. Mji huohuo unatufundisha na upande wa pili. Desemba 2011 mafuriko makubwa yalipiga bonde la Msimbazi, na wahanga wa Jangwani, ndani ya bonde hilo, wakapewa viwanja Mabwepande, mbali na mjini. Si wote waliobaki huko. Wengine walirudi bondeni, kwa sababu kazi zao zilikuwa mjini, Kariakoo, na nauli ya kila siku ilimaliza walichopata. Ndugu zangu, ukimpeleka mama anayeuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, na ndizi soko la Kadutu akakae mbali, nyuma ya Mudaka, umemwokoa na udongo ukamuua kwa njaa. Atarudi. Na atarudi mahali pabaya zaidi, maana pale pake pa kwanza patakuwa pameshachukuliwa.

Dar es Salaam ilijaribu jambo la tatu pia. Kuanzia mwaka 2002 Serikali ilipima viwanja 20,000 pembeni mwa mji kabla watu hawajafika. Wazo la kutangulia watu ni zuri sana, na sisi tunalihitaji upande wa Kasha na barabara ya kwenda Nyantende, ambako mji unapanda vilima tukiwa tunazungumza. Lakini bei ya viwanja vile iliwashinda maskini wengi. Tukifanya hapa, kiwanja kiwe kidogo, kilipwe kidogo kidogo, na kisigawiwe kabla mkondo wa maji haujaachiwa nafasi yake. Mwenye enzi wa Kabare, meya na mpimaji wakae meza moja na kuandika karatasi moja. Amri ya kifungu cha 389 tumeingoja tangu 1973. Mkataba kati ya watu watatu wanaofahamiana hauhitaji kuingoja.

Nilisema nitarudi kwenye nyumba zitakazoondoka. Zipo. Nyumba iliyokaa katikati ya mkondo wa mto Kawa haiwezi kusalimika, wala ile iliyobaki hatua chache kutoka ukingo wa korongo, wala ile iliyojengwa juu ya mtaro. Hizo zihesabiwe moja moja, zikiwemo za wakubwa, maana wapo wenye magorofa waliojaza ziwa kwa mawe na kulikata. Mwenye karatasi alipwe. Mwenye kuondolewa aonyeshwe mahali pengine ndani ya mji kabla paa lake halijaguswa. Nikizitazama Kadutu na Ibanda, naamini nyumba hizo ni chache mno ukilinganisha na zile tunazotishia kila baada ya msiba.

Na fedha? Hapa mlima wetu umetupa jambo ambalo miji mingine haina. Mahali pengi tajiri hukaa juu na maskini chini, naye tajiri haoni maji yake yanapokwenda. Bukavu ni kinyume: Kadutu iko juu, na matope yake huingia kwenye malango ya Ibanda. Mwenye nyumba ya ghorofa chini hulipa kila msimu kuzoa udongo na kujenga ukuta mrefu zaidi. Fedha hiyo ingefanya kazi zaidi ikipanda juu kuliko ikibaki ukutani. Napendekeza ada ya kila kibali cha kujenga na kila uhamisho wa parseli itengewe sehemu yake, iingie kwenye mfuko wa mteremko ambamo parseli hiyo imo, na hesabu zake zibandikwe ukutani mwa ofisi ya kartie. Wachimbaji wawe vijana wa mtaa huohuo, kwa ujira. Salongo, ile kazi ya pamoja ya Jumamosi, inatosha kuzoa takataka. Mtaro wa mawe ni kazi ya mafundi, na fundi hulipwa.

Kiangazi chetu ni kifupi: Juni, Julai, Agosti, na Septemba mvua zimerudi. Kabla ya Juni, kila mkuu wa avenyu anaweza kutembea na wazee wawili na mwanafunzi mmoja wa jiolojia, siku mvua inaponyesha, na kuchora maji yanapita wapi katika eneo lake: yanapoanzia, yanapokusanyika, bomba linalovuja liko wapi, nani yuko njiani. Karatasi hizo zikiunganishwa, ndizo ramani ya kwanza tunayoihitaji. REGIDESO, shirika la maji, ipewe orodha ya mivujo, ianze na Funu, hata kama kartie nyingine zitasubiri. Kisha mtaro mmoja uchimbwe kila komini, kutoka juu hadi chini, mzima, usiokatika katikati ukaishia kwenye ua wa mtu.